Ushauri: Impreza yenye koilova inadunda mpaka mama watoto amegoma kupanda

KonaZaKitonga: Wakuu, poleni na majukumu. Nina Impreza sedani ya 2005, imefungwa koilova (springi na shokapu za pamoja, kimo chake kinarekebishika) za mtumba kutoka Japani. Springi zimeandikwa 8K mbele, 6K nyuma. Kwa kuitazama imeshuka vizuri, shida ni kuipanda. Mjini navumilia, lakini safari ya Iringa zile rasta (matuta madogo ya mistari) za pale Mikumi zimenitoa roho, kila mstari nausikia kwenye meno. Mama watoto kasema wazi safari ijayo anapanda basi. Vitufe vya juu vya kurekebisha ugumu nimeviweka laini kabisa, hola. Fundi anataka tukate springi mzunguko mmoja, eti italainika. Tairi ni 215/45R17. Nishaurini kabla hajashika msumeno.

Mtaa_wa_Pili: Rudisha shokapu za kiwandani, maisha yaendelee.

MzeeWaBoksa: Mkuu, huo msumeno ufiche. Springi ukiikata inazidi kuwa ngumu, kwa sababu mizunguko inayofanya kazi imepungua. Fundi wako anachanganya kushuka na kulainika.

Kabla ya kugusa chochote, piga jeki upande wa mbele mpaka tairi ining'inie, kisha shika springi kwa mkono. Inazunguka au imebana? Pia angalia chini kwenye ule mguu wa koilova unaofungwa kwenye nako (chuma kinachoshika gurudumu): una nati yake ya kurefusha na kufupisha, au nati ziko kwenye kitako cha springi tu, ile sahani springi inapokalia?

KonaZaKitonga: Nimecheki mzee. Springi inachezacheza, naizungusha kwa vidole, juu yake kuna nafasi inaingia vidole viwili hivi vilivyolala. Nati zipo sehemu zote mbili, kwenye kitako na kwenye mguu wa chini.

MzeeWaBoksa: Basi ugonjwa ndio huo. Aliyeifunga ameshusha gari kwa kuteremsha kitako cha springi. 8K maana yake springi inahitaji kilo 8 ili ibonyee milimita 1. Kona ya mbele ya Impreza inabebesha springi kama kilo 360 hivi, kwa hiyo springi inalala milimita 45 gari ikiwa imesimama tu. Jumlisha hiyo nafasi ya vidole viwili, shokapu imeshazama karibu milimita 75 hata hujaondoka nyumbani. Iliyobaki ni kidogo sana, na ndani kuna ile raba inayozuia shokapu isigonge mwisho. Rasta za Mikumi ulikuwa unazipita juu ya raba, si juu ya springi. Ndiyo maana vitufe havikusaidii.

Kama unabisha, funga kitai cha plastiki cha kufungia nyaya kwenye shafti ya shokapu, kikaze kidogo, kisogeze mpaka kiguse bodi ya shokapu, uzunguke mtaani kwenye matuta. Ukikikuta kimesukumwa mpaka kwenye raba, tumemaliza mjadala.

Kurekebisha: safisha nyuzi ambamo nati inazunguka kwa brashi na mafuta ya kulegeza kutu, la sivyo utaziharibu. Pandisha kitako mpaka springi iguse juu, ongeza milimita mbili tatu tu, funga nati ya pili. Gari itapanda. Ukitaka kuishusha sasa, shusha kwa mguu wa chini. Hapo shokapu inabaki na nafasi yake yote ya kubonyea. Ila usishushe hadi tairi iguse madigadi ukikata kona na abiria nyuma. Pima kutoka katikati ya ringi hadi ukingo wa madigadi, kulia na kushoto zilingane. Ukimaliza nenda kwenye alaimenti, lazima, maana Impreza ikibadilika kimo na kemba (mlalo wa tairi) inabadilika, tairi zitaliwa upande.

ShokiYaThika: Naongezea kutoka huku Kenya. Watu wengi hukaza kitako sana wakidhani wanaongeza ugumu. Springi ya kawaida ni 8K ukiikaza, 8K ukiilegeza. Ukiikaza kupita kiasi shoki haishuki tena kwenye shimo, gurudumu linaning'inia na unasikia kishindo. Kwa hivyo usivuke hizo milimita chache.

BintiWaTairi: Kaka, na vitufe usiviache laini kabisa. Springi ngumu na shokapu legevu, gari inaendelea kudunda baada ya tuta kama mpira. Zungusha kulia taratibu mpaka mwisho, usilazimishe, ndiyo ngumu. Kisha rudi kushoto ukihesabu kliki, anzia katikati. Pita barabara ileile kwa mwendo uleule, legeza kliki mbili mbili. Pale gari inaposhuka tuta na kutulia mara moja, bila kunesa mara ya pili, ndipo penyewe. Za nyuma itabidi ufungue vifuniko vya ndani, fanya hivyo hivyo, usibahatishe.

Ukigeuza toka laini hadi ngumu na gari haibadiliki kabisa, shokapu imekufa. Mtumba una mambo yake, angalia kama shafti ina mafuta.

Halafu hizo tairi zako za 215/45 zina ukuta wa pembeni wa milimita 97. Ukipata ringi 16 zinazopita breki zako na 205/55, ukuta unafika 113 na kipenyo kinakaribiana. Tofauti utaisikia kuliko kliki tano.

Mtaa_wa_Pili: Mimi bado nasema shokapu za kiwandani.

KonaZaKitonga: Wakuu, mrejesho. Kitai nilikikuta kimebanwa kwenye raba, mbele zote mbili. Tumepandisha vitako, mguu wa chini tukashusha kidogo tu, gari sasa iko juu milimita 20 kuliko mwanzo. Fundi kagoma kuamini mpaka alipoendesha mwenyewe. Si laini kama Toyota Crown, lakini rasta zinapita. Ila kuna mlio mpya, "kwe kwe" nikiwa polepole kwenye mashimo, mbele kushoto.

MzeeWaBoksa: Bushi za mikono ya chini zilikazwa gari ikiwa juu ya jeki?

KonaZaKitonga: Alizilegeza, ndiyo. Akakaza palepale juu.

MzeeWaBoksa: Zilegeze tena, shusha gari ikae kwa uzito wake, isukume mbele na nyuma, ndipo mkaze. Mlio ukibaki, fungua juu uangalie ile beringi ya chuma, za mtumba huwa zimeisha.