LIDAR na mahame ya Uyui: nitatofautishaje tembe na kichuguu?

Mnyanyembe_Ramani
Wakuu, habari za kazi. Nina faili la LAZ (nukta za LIDAR, yaani vipimo vya leza kutoka kwenye droni) la hekta 40 za miombo wilayani Uyui, Tabora. Ardhi ni ya ukoo na wazee wameridhia. Droni ilirushwa mwezi Mei, mita 80 kutoka ardhini. Kaya zilikuwa zimetawanyika humo hadi watu walipohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, na ninataka kujua nyumba zao za tembe (za udongo, za pembe nne, paa la tambarare) zilikaa wapi kabla ya kupita na detekta ya metali. Nimechuja nukta za ardhi kwa CSF (kichujio kinachotandika "mtandio" wa kompyuta kufuata umbo la ardhi) kwenye programu ya CloudCompare, mipangilio ile ile ya mwanzo, nikatoa DTM (ramani ya kimo cha ardhi tupu) ya pikseli za mita 1 na kivuli cha miinuko kwenye programu ya ramani ya QGIS. Vinundu vya duara vimejaa kila kona, nyumba sioni hata moja. Halafu ramani ya zamani ya 1:50,000 inaweka nyumba katikati ya mbuga (bonde la nyasi linalojaa maji masika). Nakosea wapi?

Datumu36
Ramani kwanza, hiyo ni rahisi. Karatasi za 1:50,000 zilichorwa kwa datumu (msingi wa koordinati) ya Arc 1960, na data ya droni huwa WGS 84. Ukizilaza pamoja bila kubadilisha, huku kwetu zinapishana takriban mita 300, zaidi kwa upande wa kaskazini na kusini. Hapo ndipo nyumba zako zimeingia mbugani. Sajili karatasi kwa koordinati za EPSG:21036 (Arc 1960, kanda ya UTM 36 Kusini), kisha ibadilishe kwenda 32736 (kanda ile ile, WGS 84). Walioko Kigoma mjini na Ujiji watumie 21035 na 32735, kwa sababu mpaka wa kanda ni longitudo 30. Kasulu na Uvinza ziko kanda moja na Tabora.

Nukta_za_Ardhi
Mkuu, tatizo kubwa ni nyasi. Mei zimefikia urefu wake wote na moto haujapita. CSF kwa mipangilio ya mwanzo inaweka kizingiti cha mita 0.5, maana yake kila kilicho chini ya nusu mita kutoka kwenye ule "mtandio" kinahesabiwa kuwa ardhi. Tuta la ukuta wa tembe ulioanguka lina sentimita 15 hadi 40. Limezama ndani ya nyasi.

Rudia hivi: ukubwa wa jicho la mtandio 0.5 badala ya 2, kizingiti 0.15, na aina ya eneo chagua ya miinuko ya wastani, usichague ya tambarare hata kama Uyui ni tambarare. Ya tambarare inaukaza mtandio mno, nao unakata kila kilichoinuka. Usishuke chini ya 0.1, kwa sababu makosa ya skana yenyewe ni sentimita kadhaa na utabaki na mashimo matupu. Kisha hesabu nukta za ardhi zilizobaki: zikifika 8 kwa mita ya mraba toa DTM ya mita 0.25, zikiwa 4 tumia 0.5. Pikseli ya mita 1 kwa tuta lenye upana wa mita 2 haitoshi.

Kivuli kimoja cha mwanga wa nyuzi 315 kinaficha kuta zinazolala kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Lainisha DTM kwa wastani wa nusu kipenyo cha mita 15, uitoe hiyo iliyolainishwa kwenye DTM halisi kwa kikokotoo cha rasta, kisha weka rangi kati ya -0.3 na +0.3. Tofauti za sentimita 20 zitajitokeza. Ongeza SVF (picha ya kiasi cha anga kinachoonekana kutoka kila nukta) ya programu ya RVT, ambayo haina upande wa mwanga, uone kama umbo lile lile linabaki.

Kama fedha ipo, rusha tena Agosti, nyasi zikiwa zimeungua na majani yamepukutika. Usisubiri Oktoba, miombo huchipua kabla ya mvua. Kibali cha TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania) ni lazima.

Tembe_na_Boma
Sasa kusoma picha. Kichuguu ni duara, kina kilele, mara nyingi kinazidi mita 1, na vichuguu hupeana nafasi zinazokaribiana. Tembe ni kinyume chake: pembe za mraba, matuta mapana yasiyo na kilele, katikati pamedidimia palipokuwa ua. Upande mmoja mita 10 hadi 30. Mara nyingi huoni mraba mzima, unaona pembe moja au mbili tu, na hizo zinatosha kukupeleka uwandani.

Usivipuuze vichuguu vyote lakini. Kilichochimbwa upande mmoja kikabaki kama mwezi mwandamo kilitoa udongo wa kuta au tofali, na nyumba haiko mbali. Tafuta pia shimo la udongo karibu na pembe ya mraba. Likishatumika huwa jaa.

Vinavyodanganya: mabani ya kukaushia tumbaku (mraba mdogo, umejaa, hauna ua), matanuru ya mkaa, mazizi, na matuta ya kilimo. Weka uzito kwenye mteremko mwepesi juu ya mbuga, si mbugani penyewe. Uwandani thibitisha kwa vigae, mawe ya kusagia, miembe na minyara iliyopandwa kwa mstari.

Kwa Waha huko Kasulu usitafute mraba. Msonge wa nyasi hauachi ukuta. Kinachobaki ni kiwanja kilichosawazishwa kwenye mteremko.

Mnyanyembe_Ramani
Asanteni sana wakuu. Nikishapata pembe mbili tatu, detekta naipitishaje? Na sheria?

Tembe_na_Boma
Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, na kuchimba kutafuta vitu hivyo kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Ukiona taka za kuyeyushia chuma au vigae vingi vilivyotulia kwenye tabaka lake, simama, usichimbe. Makaburi ya kaya huwa karibu na nyumba. Waulize wazee kabla ya kukanyaga.

Mistari ya mita 1, ua na njia ya kuingilia kwanza, jaa mwishoni. Changarawe nyekundu ya huku ina chuma kingi: sawazisha detekta na ardhi kila baada ya mita 20 hivi, na ikipiga kelele punguza usikivu kabla ya kuongeza uchujaji, la sivyo utazikosa sarafu za heller za Wajerumani na senti zenye tundu. Kila kitu kiandikie koordinati na kina.