Wageni wanne, meza moja: tuanze na Mgodi au na nyumba ya Boston?

Mama Dadu: Bandugu wa L'shi (Lubumbashi), nisaidieni kabla ya siku ya Yenga, yaani Jumapili. Nina wachezaji wanne, na hakuna hata mmoja aliyewahi kucheza michezo hii ya kuigiza wahusika mezani, wala kushika dadu ya pande 20: binamu yangu, majirani wawili wa hapa Kamalondo na kaka mmoja wa kwaya. Tunaanza saa nane mpaka giza. Nimebaki na hadithi tatu za kuchagua. Lost Mine of Phandelver, yaani Mgodi, ile ya boksi la kuanzia la Dungeons & Dragons la 2014, wahusika wako tayari, wanaanza ngazi ya 1 mpaka ya 5. Curse of Strahd ya 2016, ya mchezo huo huo, maana binamu anapenda mambo ya damu. Na The Haunting, ile nyumba ya Boston, ya mchezo wa kutisha wa Call of Cthulhu, inayoweza kuisha jioni moja. Nimecheza sana ila sijawahi kuendesha, yaani kuwa yule anayesimulia na kusimamia kanuni. Mngeanza na ipi?

Mzee wa Kete: Strahd weka kabatini. Inakwenda mpaka ngazi ya 10, na ile Nyumba ya Kifo ya mwanzoni inaua watu ambao bado wanauliza karatasi ya mhusika wao inasomwaje. Mimi nilipoteza wawili pale. Sisemi wahusika, nasema wachezaji. Hawakurudi tena.

Bukari Moto: The Haunting, dada, usihangaike. Boston, mwaka 1920, mwenye nyumba anakuita ujue kwa nini wapangaji wake wanakimbia. Nani hapa mjini anahitaji kuelezwa habari ya mwenye nyumba? Halafu kanuni zake ni za sokoni: umeandikiwa 60, unapiga dadu za mia, ukipata 60 au chini umeweza. Mama yangu alielewa kabla chai haijapoa. Kwenye Donjon, hiyo Dungeons yenu, unaanza kueleza ngazi, nafasi za uchawi, kinga ya mwili, mpaka watu wanatoa simu.

Bwana Kanuni: Mgodi ndio shule, wala tusibishane. Unaanza kwa kusindikiza mkokoteni wa mizigo kwenda Phandalin, goblini wanne, vijitu viovu, wanakuvizia njiani, hapo hapo unajifunza kupigana. Ila angalia watu unaowaita. Kitabu cha hadithi kina kurasa 64, cha kanuni 32. Usiwaite hawa vijana wa kuchimba madini, mtu aliyetoka shimoni hana subira ya kukaa mezani kwa muda wa saa nne.

Kenya Avenue ya Mwisho: Banasema nini huyu? Mi nilikomalia mtaa wa Kenya hapa L'shi, nilichimba Kolwezi miaka mine. Unashuka asubui, unapanda mangaribi, kisha unangoja kupimiwa mawe siku mzima na mizani yenye unajua inakuibia. Njo unaniambia sina subira ya kukaa pa kiti, ndani ya kivuli, na kinywaji ya munkoyo ya baridi mbele yangu? Watoto ba Golf, mtaa ya matajiri, muko na mambo.

Bwana Kanuni: Sikukutaja wewe. Na siishi Golf.

Kenya Avenue ya Mwisho: Ulinitaja.

Bukari Moto: Alikutaja. Na hizo kurasa 64 anasoma mwendeshaji peke yake, wachezaji wanapewa karatasi moja kila mtu. Hata hiyo hujui?

Mzee wa Kete: Turudi kwenye swali la Mama Dadu jamani.

Kenya Avenue ya Mwisho: Ngoja Mzee, na heshima, nimalize. Mi niliendesha huo Mgodi kwa wachimbaji watatu na dada wa kuuza kaleji. Waliwapiga goblini, wakafuata njia mpaka pango lao. Mnajua pale kuna mkondo wa maji unatoka ndani. Kila meza niliyoiona inaingia tu, inakanyaga maji. Mmoja wangu akasema simama. Akaniuliza: maji haya yanakwenda polepole hivi, na kuta ziko na alama ya maji mpaka wapi? Nikamwambia mpaka kifuani. Akasema, basi kuna mtu juu amezuia maji, tukiingia katikati ataachilia. Watu bakanyamaza. Na kweli kitabu njo kinasema vile, goblini wako na vidimbwi viwili wamejengea mawe, wakishtuka wanabomoa. Yule kaka alimpoteza ndugu yake kwa maji ya shimo. Hakupiga dadu hata moja. Akapanda pembeni kwa ukuta, wengine nyuma yake.

Bwana Kanuni: Hadithi nzuri, lakini umeendesha vibaya. Alama ya maji kifuani haimo kitabuni, umemtungia. Na kugundua mtego kunataka dadu. Mhusika wake alikuwa nani?

Kenya Avenue ya Mwisho: Mwizi wa mifuko.

Bwana Kanuni: Basi mwizi wa mifuko amejuaje mambo ya maji ya chini ya ardhi? Anayejua ni mchezaji. Tukiruhusu hivyo, daktari mezani atamtibu kila mtu bure.

Pande Nane: Sasa hapa nakataa kabisa. Dadu tunapiga pale ambapo hatujui. Mtu akikuambia anatazama ukuta, na ukutani kuna kitu, ameona. Unataka apige dadu kujua kama ana macho?

Bwana Kanuni: Nataka haki. Mwenzake ambaye hajawahi kuchimba afanye nini?

Pande Nane: Amsikilize anayejua. Kama kule Kolwezi.

Mzee wa Kete: Bwana Kanuni ana pointi kidogo, msimkaange hivyo. Lakini ngoja afike kwa Klarg, mkubwa wa goblini pale pangoni, ndipo tutaona nani anaheshimu dadu. Lile jitu linapiga dadu mbili za pande 8, unaongeza 2. Mulozi, yule mhusika wa uchawi, akiwa ngazi ya 1 ana pointi za uhai 7 au 8. Pigo moja, amelala.

Bukari Moto: Mzee, usiandike mulozi hapa, kuna watu wa kwaya wanasoma. Mwambie mtu wa kwaya "wewe utacheza mulozi" uone kama atavua koti.

Mzee wa Kete: Niandike nini? Mganga ni yule anayeponya. Mwanamazingaombwe ni wa sarakasi.

Pande Nane: Sisi tunasema mwenye vitabu. Anajua uchawi kwa sababu alisoma, basi.

Mzee wa Kete: Mwenye vitabu. Sawa, hiyo naichukua.

Tenori wa Pili: Samahani wakubwa. Mimi ndiye kaka wa kwaya. Mulozi hanisumbui, nimeshaona filamu. Ila sasa najua habari ya maji, ya goblini wanne na ya Klarg.

Mama Dadu: Jamani!! Niliomba msaada, nimeharibiwa kampeni.

Kenya Avenue ya Mwisho: Pole dada, njo makosa yangu. Lakini hata na nyumba ya Boston, huyu Bukari alishaanza.

Bukari Moto: Nimesema wapangaji wanakimbia. Sijasema wanakimbia nini! Tenori, funga simu.

Mama Dadu: Basi ni Boston, Tenori hana siri ya kule. Na dadu? Za kawaida za pande sita ninazo mbili tu.

Pande Nane: Chukua vifuniko 10 vya chupa, andika kwa ndani 0 mpaka 9, tia kwenye kofia. Unachota mara mbili, cha kwanza makumi, cha pili mamoja, na unarudisha kila mara. Sisi tulicheza hivyo mwaka mzima.

Bwana Kanuni: Vifuniko vya aina moja, tafadhali. Ukichanganya vya bia ya Simba na vya soda, watu wanatambua kwa kidole.

Kenya Avenue ya Mwisho: Kwa mara ya kwanza huyu amesema kitu. Kwetu sifuri ilikuwa imepinda kidogo. Dada wa kaleji alikuwa anaipapasa. Miezi miwili hatukujua.

Mama Dadu: Nani ana vifuniko 10 vya Simba visivyopinda, Kamalondo, kabla ya siku ya Yenga?

Mzee wa Kete: Nipe mpaka Posho, Jumamosi. Vya leo vyote vimepinda, nilifungua kwa meno.