Tupeane uzoefu: ulijuaje picha ya zamani ya kazini ilipigwa mwaka gani hasa?

Wadau habari zenu, nianze mimi. Marehemu baba alituachia picha moja ya ofisini, watu saba wamesimama mbele ya makabati ya mafaili, nyuma imeandikwa kwa wino "1986". Mzee siku zote alikuwa anasema aliingia pale kabla ya hapo, ila ndugu walimkatalia kwa picha hiyo hiyo na iliniuma sana maana hakuwa mtu wa kutia chumvi. Juzi nimeivuta karibu kwenye simu, juu ya bega lake kuna kalenda ya Februari, tarehe 1 Jumatano, mwisho tarehe 29 Jumatano. Sasa 1986 Februari ilikuwa na siku 28! Februari ya namna hiyo hurudi kila baada ya miaka 28, yaani 1956, 1984, 2012, na 1956 mzee alikuwa bado mtoto. Na ule mwandiko wa nyuma sio wake, nimelinganisha na barua zake.

*

Pole kwa mzee mkuu. Ila kalenda usiiamini peke yake, watu wanaziacha ukutani hata mwaka ukiisha. Sisi yetu ilikuwa na kalenda ya 1994 lakini kompyuta ya mezani inaonyesha kitufe cha Start cha Windows 95, na hiyo imetoka Agosti 1995. Kalenda inakwambia tu haikupigwa kabla ya hapo.

*

Mimi ilinipoteza ile tarehe iliyochapwa pembeni kwenye ukingo mweupe, kumbe ni mwezi wa kusafishwa, mkanda ulikaa ndani ya kamera muda mrefu. Nilishtuka kumwona kwenye picha mama mmoja aliyekuwa ameshastaafu.

*

Za dijitali nazo, kamera betri ikifa saa inaanza upya, zangu zote zilisoma 2000. Nikatafuta moja ya siku ninayoijua, nikahesabu tofauti, nikaiongeza kwenye zote.

*

Asanteni sana, hilo la kalenda limeninyima usingizi jana. Leo nimempigia mmoja wa wale saba ambaye yuko hai, sijamwambia kitu, nikamuuliza tu shikamoo baba, pale uliondoka lini? Akasema Oktoba 1984, na barua ya uhamisho anayo. Nimemtumia picha, amelia.