Makala nilizozipangia saa za kutoka Ramadhani hazitoki kwa wakati

Mpishi wa Futari

Assalaam aleikum, wanajukwaa. Niko Mombasa na ninaandika blogu ya mapishi ya futari kwa WordPress, programu ya kuendesha tovuti, kwenye seva ya kukodi. Kwa kuwa ndani ya mfungo jikoni hakuniachii nafasi, mapishi yote huyaandika Shaabani na kuyapangia siku na saa ya kutoka. Shida yangu ni kwamba makala ninazoziwekea saa kumi na moja alfajiri hutoka saa mbili asubuhi, na nyingine hazitoki kabisa mpaka mimi mwenyewe nifungue tovuti, ndipo zinapojitokeza. Naomba msaada wenu, kwa sababu pishi la futari likichelewa kumfikia msomaji huwa halimfai tena siku hiyo.

Fundi Mitambo

Waaleikum salaam, dada. Hizo ni shida mbili tofauti. Ya kwanza inajieleza yenyewe kwa zile saa tatu zinazozidi: tovuti mpya ya WordPress mara nyingi huwa imewekwa kwenye saa za UTC, yaani saa ya kipimo ya dunia, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele yake, hivyo ukiandika 05:00 inatoka 08:00 ya kwetu. Nenda kwenye mipangilio ya jumla, mahali pa saa za eneo, uchague Nairobi. Baada ya hapo fungua kila makala uliyokwisha kuipangia, uhakikishe saa yake, kisha uihifadhi upya, maana si salama kudhani kwamba zitajirekebisha zenyewe. Kumbuka pia kwamba kisanduku kile kinahesabu kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa nne asubuhi ni 10:00 na saa kumi jioni ni 16:00.

Ya pili ndiyo inayowasumbua wengi. WordPress haina saa inayotembea yenyewe. Hukagua ratiba yake pale mtu anapofungua ukurasa wa tovuti. Alfajiri, wakati watu wamekwisha kula daku na wako kwenye swala, tovuti ndogo inaweza kukaa muda mrefu bila mgeni, na makala nayo inabaki inangoja. Kama umeweka programu-jalizi ya kuhifadhi nakala za kurasa hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mgeni akija anapewa nakala iliyo tayari na ratiba haiguswi. Dawa yake ni kuifanya seva yenyewe iite faili la wp-cron.php, lile linalokagua ratiba, kila baada ya dakika tano au kumi na tano. Kwenye cPanel, ukurasa wa kusimamia seva ya kukodi, kazi hiyo inawekwa sehemu ya Cron Jobs, kisha kwenye wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, unaongeza mstari `define('DISABLE_WP_CRON', true);` ili ukaguzi usitegemee tena wageni. Usiweke mstari huo kabla kazi ya seva haijaanza, la sivyo hakuna makala itakayotoka.

Mhariri wa Pwani

Fundi amemaliza upande wa mitambo; mimi naongeza upande wa uhariri. Makala inayotegemea kuandama kwa mwezi haifai kupangiwa tarehe. Mfungo unaweza kuwa wa siku 29 au 30, Kadhi Mkuu hutangaza usiku, na wapo majirani wanaofuata mwandamo wa Makka, kwa hiyo salamu za Idi na mapishi ya siku hiyo yaache kama rasimu, uyatoe kwa mkono wako baada ya tangazo.

Saa nayo ifuate pishi lenyewe. Kaimati unga wake huumuka mchana huohuo, basi saa nne asubuhi inatosha, kabla mtu hajaenda sokoni. Mbaazi kavu za nazi hulowekwa usiku kucha, na pishi lake likitoka asubuhi ya siku hiyohiyo limekwisha kuchelewa. Litoe usiku wa kuamkia. Jambo jingine: ukiandika Jumatatu kiungo cha makala itakayotoka Jumatano, msomaji atakayekibonyeza ataambiwa ukurasa haupo. Viungo vielekee kwenye makala zilizokwisha kutoka.

Mpishi wa Futari

Nawashukuru sana. Nimebadilisha saa za eneo na nimeona kweli ilikuwa UTC. Kazi ya seva nimeiweka pia, na makala ya majaribio imetoka bila mimi kufungua tovuti. Limebaki moja: nina wasomaji Maskati na Toronto. Hiyo mbaazi niitoe saa ngapi ili isimpite yeyote?

Fundi Mitambo

Itoe saa mbili usiku, yaani 20:00. Maskati huwa saa moja mbele yetu mwaka mzima, kwa hiyo huko itakuwa saa tatu usiku. Toronto iko nyuma yetu kwa saa nane wakati wa baridi, itakuwa saa sita mchana. Angalia tu kwamba wao husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi, ambayo mwaka 2026 ni tarehe 8, ndani ya mfungo, na kuanzia siku hiyo makala ya saa mbili usiku itawafikia saa saba mchana. Bado wana muda wa kutosha wa kuloweka.