Maji ya mto yameingia kisimani kwa mama, Pangani: chujio, gesi au vidonge? Nina laki na ishirini

Waja_Leo
Wakuu, habari za jioni. Wiki iliyopita mto ulipanda ukafika hadi kwa mama, upande wa Bweni ng'ambo ya Pangani. Nyumba imesalimika ila kisima kimeingia maji. Nipo Makorora, hapa Tanga mjini, naondoka kesho kutwa. Ninunue lile chujio la ndoo mbili lenye mshumaa wa kauri unaochuja maji, au mtungi wa gesi wa kilo 6 na jiko lake wawe wanachemsha, au nibebe vidonge vya klorini na chenji ibaki? Nataka kitu kimoja cha uhakika.

Fundi_Kisima
Uzi nusu nusu huu. Kisima cha mdomo wazi au cha pampu? Kingo zake zinafika wapi? Choo kiko hatua ngapi? Maji meupe au tope? Wanywaji wangapi? Unaomba dawa bila kusema unaumwa nini.

Bi_Ngamiani
Chujio, mwanangu. La kwangu lina mwaka wa sita, halili kuni wala halina harufu. Hivyo vidonge vinaua chai, hata uitie iliki gani.

Kijana_Raskazone
Gesi. Maji yakishatokota hakuna mdudu wa kubishana naye. Mengine yote ni kubahatisha.

Mkorogwe_Asilia
Bi mkubwa shikamoo, lakini kwenye chujio niruhusu nikupinge, maana lilitutoa roho.

Mwaka tuliofurikiwa sisi tulikuwa nalo hilo hilo la ndoo mbili. Tukawa tunamimina maji ya tope moja kwa moja. Siku ya tatu mshumaa ukaziba, unajaza usiku, asubuhi hupati hata jagi mbili. Shemeji yangu, mtu wa haraka, akautoa akausugua kwa waya wa kusugulia masufuria. Kuurudisha, maji yakawa yanashuka kama bomba. Tukampongeza! Mama mkwe akampikia na vitumbua.

Siku ya nne akaanza mtoto wa dada. Jioni mimi. Usiku shemeji mwenyewe. Watu tisa, choo kimoja, mvua haikatiki, na tochi moja ambayo kila mtu anaitaka wakati mmoja. Zahanati walitupa ORS na maneno makali. Nilipopata nguvu nikaushika ule mshumaa kwenye mwanga: ufa mwembamba kama unywele, pale shingoni unapokutana na plastiki. Maji yalikuwa yanajipitia pembeni. Na yalikuwa meupe pee, ndiyo maana tuliyaamini.

Tangu siku hiyo maji yakishuka haraka kwenye chujio, mimi siyanywi.

Bi_Ngamiani
Marahaba. Hilo ni kosa la shemeji yako. Mshumaa unasuguliwa kwa brashi laini na maji safi, tena kwa adabu. Ungemkabidhi gesi angechoma nyumba.

Mwambani
Mnahangaika na vya dukani, mlonge upo kila ua. Saga mbegu, koroga kwenye ndoo, acha itulie. Tope lote linakaa chini. Au ile shabu ya vinyozi, nayo hivyo hivyo.

Nesi_Mstaafu
Mlonge na shabu ni kweli vinatuliza tope, na mimi nimevitumia. Ila baada ya hapo maji bado hayajauawa vijidudu, yamesafika macho tu. Hiyo ni hatua ya kwanza, kwa sababu klorini ikikuta tope inaishia kupigana na tope. Tuliza usiku kucha, mimina ya juu taratibu, chuja kwa kanga kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa, ndipo utie kidonge. Msiidharau kanga. Kule Bangladesh walipima sari kuukuu zilizokunjwa hivyo, kipindupindu kikapungua karibu nusu.

Mvua za El Nino za 1997 nilikuwa kambini na wagonjwa wa kipindupindu. Sikumbuki hata mmoja aliyeniambia alikunywa maji machafu. Wote walikunywa "meupe".

Kijana_Raskazone
Sawa Nesi, kwa hiyo uchemshe dakika 20 yaishe.

Nesi_Mstaafu
Ishirini za nini? Yakitokota kwa nguvu, dakika moja inatosha. Tatu ni kwa walio juu ya mita 2,000.

Kijana_Raskazone
Shuleni tulifundishwa 20.

Mwambani
Na Lushoto je? Shangazi yupo kule.

Nesi_Mstaafu
Lushoto mjini hapafiki mita 2,000. Moja.

Fundi_Kisima
Tuache Lushoto. Kutokotesha ndoo ya lita 20 kunakula kama robo kilo ya gesi kwa haya majiko yetu. Watu sita saba, kwa kunywa tu, ni ndoo moja kwa siku. Kilo 6 gawa kwa robo: siku 24, na hujapika hata uji. Akiishiwa, atavusha mtungi kwa kivuko kwenda kubadilisha? Mleta uzi mwenyewe yuko wapi?

Waja_Leo
Samahani wakuu, nilikuwa nampigia mama, mtandao ulisumbua. Wapo saba, pamoja na mtoto wa miezi minane. Kisima ni cha mdomo wazi, kingo zinafika magotini. Choo cha shimo kiko hatua kama 15, nacho kilifurika. Maji rangi ya chai ya maziwa. Nilisahau pia kusema yana chumvi tangu zamani, ila sasa anasema imezidi. Na jirani alikuwa na madumu ya dizeli ya boti, yalipinduka. Maji yananuka mafuta kidogo.

Fundi_Kisima
"Kidogo"! Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo, ndugu yangu. Katika vitu vyako vitatu hakuna kinachotoa dizeli wala chumvi. Ukichemsha, chumvi ndiyo inazidi kukolea.

Kisima hicho wasinywe. Na wasikimbilie kukikausha leo wakati ardhi bado imelowa, kuta zitaporomoka. Ngojeni maji ya ardhini yashuke, ndipo kitolewe maji, kisuguliwe, kitiwe klorini, kitolewe tena. Nakusihi, mtu asishuke humo na pampu ya petroli inaunguruma. Moshi wake unaua kimya kimya. Tena hatua 15 toka chooni ni karibu mno, sisi tunataka mita 30. Mafuriko yamekutangazia tu.

Mkorogwe_Asilia
Kwa hiyo swali si kusafisha kwa kitu gani, ni kunywa maji gani. Mvua si bado inanyesha? Vuneni.

Waja_Leo
Nyumba ni ya makuti. Jiko tu ndilo lenye bati.

Nesi_Mstaafu
Bati la jiko linatosha. Mvua ya mwanzo iacheni ioshe kinyesi cha ndege na masizi, kisha kingeni. Tieni kidonge kwa kipimo cha lebo, msikadirie kwa jicho, maana ukubwa wa vidonge unatofautiana. Subirini dakika 30. Pakibaki harufu kwa mbali ya dawa ndiyo dalili imefanya kazi. Bi Ngamiani, harufu hiyo hupungua ukiyaacha wazi kidogo au ukiyahamisha chombo hadi chombo. Ndoo iwe na mfuniko na koki, mtu asichote kwa kikombe. Ya mtoto chemsheni, kuna vimelea klorini haiviwezi. Na asitokee mjuzi wa kutia dawa ya kufulia yenye manukato.

Mwambani
Madafu jamani. Pangani nzima minazi. Ndani ya dafu mafuriko hayaingii.

Kijana_Raskazone
Watu saba, dafu tano kwa siku kila mmoja, nani atapanda huo mnazi na mvua hii?

Mwambani
Wewe hujui kupanda, sema.

Kijana_Raskazone
Nimezaliwa Raskazone nitajulia wapi. Madafu bei gani siku hizi hapo stendi?

Mkorogwe_Asilia
Waja_Leo, umeamua nini?

Waja_Leo
Nimeshanunua ndoo mbili za koki na vidonge. Gesi bado naiwazia kwa ajili ya mtoto, kuni zote zimelowa. Chujio sijui. Mama kapiga tena sasa hivi, anasema niache yote hayo nimpelekee sukari.

Bi_Ngamiani
Mpelekee sukari. Na chujio.