Mpira wa pampu ya klorini unapasuka kila wiki 3, niweke upi?

Kisima_Ibanda: Wandugu, jambo. Hapa Bukavu tuna pampu ndogo ya kukamua mpira: volti 12, roda 3 (vigurudumu vinavyokamua mpira), mizunguko 100 kwa dakika. Inatia klorini usiku na mchana kwenye maji yanayopita lita 1,000 kwa saa. Tunachanganya gramu 3 za HTH (klorini ya unga) kwa lita. Mpira ni silikoni. Ninunue pampu kubwa zaidi?

Fundi_Kadutu: Usinunue, kaka. Dawa yako ni nyepesi mno, ndiyo maana pampu inakimbia. Roda 3 kwa mizunguko 100 ni mikamuo 300 kwa dakika, yaani 432,000 kwa siku, mahali palepale pa mpira. Weka gramu 15 za HTH kwa lita, upate klorini ya asilimia 1 hivi, kisha shusha mwendo hadi mizunguko 20. Kipimo ni kilekile, klorini miligramu 2 kwa kila lita ya maji, na mikamuo inabaki 86,400. Hakikisha kwa bomba la sindano la mililita 10: lijae kwa dakika 3.

Silikoni ni laini, huchakaa upesi. Tafuta mpira wa aina ya Santoprene, inavumilia kukamuliwa na klorini pia. Unene wa ukuta uwe uleule wa zamani: ukiwa mwembamba roda hazifungi na dawa inarudi nyuma, ukiwa mnene mota inalemewa.

Mama_Maji: HTH ina chokaa. Koroga, acha itulie usiku kucha, kisha chota maji maangavu ya juu tu. Mpira wa kunyonyea uning'inie sentimita 10 juu ya tope. Chokaa hugandia pia pale dawa inapoingia kwenye bomba kuu. Njia ikiziba, presha inapanda na mpira unapasuka hata ukiwa mpya. Siki inayeyusha hiyo chokaa, lakini suuza kwanza kwa maji mengi. Siki ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu, tafadhali msicheze nayo.

Kisima_Ibanda: Asanteni sana. Na mota je?

Fundi_Kadutu: Soma kibandiko: S1 maana yake inaruhusiwa kuzunguka bila kupumzika. Isiyo na brashi hudumu zaidi. Mota nyingi hupimwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000, na Bukavu tuko karibu 1,500: hewa ni nyepesi, haipozi vizuri. Usiifungie kwenye kisanduku kisicho na matundu.

Halafu acha sentimita 30 za mpira wa ziada upande wa kunyonya. Kila mwezi simamisha pampu, vuta mpira sentimita 10 kuelekea upande wa kutolea, kata kipande kilichochoka.