Harusi ya bustanini ya mtindo wa kizamani, Usa River: mwanga na vifaa

KonaYaPicha: Wakuu, habari. Septemba nina harusi Usa River, bustani yenye miti mirefu. Kila kitu cha kizamani: gauni la lesi rangi ya krimu, Peugeot 404, meza za mbao, taa za kuning'iniza. Kanisani wanatoka saa 8 mchana, picha saa 9, sherehe saa 12 jioni. Nina kamera ya fremu kamili (sensa kubwa) isiyo na kioo ndani, lenzi za 35mm na 85mm f/1.8 (namba ya f ni uwazi wa lenzi, ikiwa ndogo mwanga mwingi unaingia) na flashi mbili. Wanataka picha zifanane na za filamu. Priseti (mpangilio wa rangi uliotengenezwa tayari wa kuhariri) nzuri ni ipi?

Shata200: Priseti iache kwanza, rekebisha ratiba. Saa 9 jua bado liko juu, nyuzi kama 50. Macho yanakuwa mashimo na lesi inaungua, maua yake hayaonekani. Hapo piga za familia tu, na uwaweke ukingoni mwa kivuli, nyuso zielekee anga lililo wazi. Ukiwaingiza chini kabisa ya miti utapata madoa ya jua mashavuni na ukijani wa majani kwenye ngozi.

Septemba jua huzama Arusha kama saa 12:30. Huku kwetu linashuka karibu wima, nyuzi 15 kwa saa, hivyo ule mwanga laini wa mwisho haufiki nusu saa, na miti inaumega kabla ya hapo. Ongea mapema na MC na mwenyekiti wa kamati: wageni wakae saa 12, maharusi waingie saa 12:45. Wasipokubali, hakuna lenzi itakayokuokoa.

Mwanga weka kwa mkono. Ukimwachia kamera, suti nyeusi inaifanya iangaze kupita kiasi, gauni linaifanya itie giza. Panda hadi pundamilia (milia ya onyo kwenye skrini kwamba mwanga umezidi) waonekane sehemu nyeupe kabisa ya gauni, kisha shuka theluthi ya stopu (stopu moja ni mwanga mara mbili au nusu). Mizani ya rangi (namba ya K, kelvini, inayoiambia kamera mwanga una rangi gani) ifunge 5600K juani, 6500 hadi 7000 kivulini. Ya otomatiki itajaribu kuifuta hiyo krimu, tena tofauti kila fremu.

Mama_Softiboksi: Mpigie mpambaji leo umuulize rangi ya turubai. Likiwa la kijani au bluu, upande mmoja wa uso unapata rangi ya turubai na mwingine mwanga wa nje. Kompyuta hairekebishi zote mbili kwa pamoja. Omba jeupe.

Flashi mchana: ISO 100 (wepesi wa sensa kwa mwanga) na f/2 juani inataka shata ya sekunde 1/6400, flashi ya kawaida inakomea 1/200. Hizo ni stopu 5, kwa hiyo funga ND32, kichujio cheusi cha lenzi kinachopunguza mwanga mara 32. Usiku funika flashi kwa plastiki ya chungwa, ile inayouzwa kwa jina la nusu CTO, mizani ya rangi ya kamera iwe 3800 hadi 4000K, la sivyo maharusi watakuwa weupe wa bluu mbele ya taa za njano. Taa za LED za bei rahisi zinapepesa mara 100 kwa sekunde kwa umeme wetu wa 50Hz, zinaacha mistari kwenye picha. Zima shata ya kielektroniki, tumia 1/100 au 1/50.

Shata200: Naunga mkono hoja ya turubai.

RoliMoja: Kwa sura ya filamu, tafuta lenzi ya zamani Helios 44-2, 58mm f/2, na adapta ya M42 (skrubu yake ya kufungia) ya kuiunganisha na kamera yako. Majani yakiwa mita kadhaa nyuma yao, ukungu wake unaonekana kama unazunguka pembeni mwa fremu, na mbele ya jua rangi zinafifia zenyewe. Fokasi ni ya mkono, kwa hiyo usiitumie maharusi wakiwa wanatembea.

KonaYaPicha: Asanteni sana. Na kuhariri?

Mama_Softiboksi: Nyeusi inyanyue kidogo, kijani kipunguze na kisogeze kuelekea njano. Chungwa usiguse, ngozi zetu zote ziko humo. Priseti nyingi za kununua zinalipunguza na bibi harusi anageuka rangi ya majivu. Chembechembe za filamu ongeza mwisho, ukishapunguza saizi ya picha.

RoliMoja: Hiyo 404 (modeli iliyoshinda Safari Rally 1963, kisha 1966 hadi 1968) ina bampa ya kromu. Piga kutoka pembeni, ukisimama mbele utajiona humo na stendi zako. Vioo vya gari vinataka polaraiza, kichujio cha lenzi kinachoondoa mng'ao. Kromu haisikii polaraiza.